Kumwagilia bustani na nyasi za nyumbani kwa maji yasiyotibiwa: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Matundu ya dripu (mipira inayodondosha maji tone kwa tone) yameziba kabla mboga hazijatoa maua. Nyasi zimekauka ncha ingawa zinamwagiliwa kila siku. Tangi linanuka, pampu inanguruma na maji hayaji. Ukifuatilia, karibu kila mara utakuta mtu alinunua pampu na mabomba kwanza, kisha ndipo akaanza kujiuliza maji yenyewe yakoje.

Hapa tunaanza na maji. Orodha ya vifaa nimeitanguliza ujue unakokwenda, lakini usinunue chochote zaidi ya vile vya kupimia mpaka umalize hatua ya kwanza. Huenda ukagundua kwamba nusu ya orodha huihitaji.

Maji ninayozungumzia ni ya mto, mfereji, bwawa, kisima au mvua. Maji ya chooni hayamo kabisa. Yaliyotoka bafuni au kufuliani yana masharti yake, kwanza kabisa kwamba hayahifadhiwi zaidi ya saa 24, kwa hiyo usiyachanganye kwenye mfumo huu. Na kabla ya kuchota mtoni au kuchimba kisima, ulizia kibali, maana nchi nyingine zinakidai hata kwa matumizi ya nyumbani.

## Vifaa

Vya kupimia: chupa mbili angavu zenye vifuniko, ndoo nyeupe, vikopo vinne, mbegu za maharage, na kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi (kile kinachosoma EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme).

Vya kutulizia na kuhifadhi: matangi mawili yasiyopitisha mwanga, yenye mifuniko, koki mbili kwa kila tangi, wavu wa mbu.

Vya kusukuma na kuchuja: pampu, mpira mgumu wa kufyonzea wenye valvu ya chini inayozuia maji kurudi, dumu tupu na kamba, chujio la diski (visahani vilivyobanwa pamoja) la meshi 120 (matundu 120 kwa kila inchi).

Vya kusambazia: mabomba ya rangi tofauti na ya maji ya kunywa, mipira ya dripu, vizibo vya mwisho vinavyofunguka, vinyunyizio vya nyasi.

Vya kujikinga: buti za mpira, glavu, sabuni.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Chota sampuli mara mbili, moja siku kavu na nyingine siku inayofuata baada ya mvua kubwa. Mto ule ule hutoa maji tofauti kabisa kwa siku hizo mbili, na mfumo wako utalazimika kuyavumilia yote.

Nusa. Harufu ya mafuta ya mashine au kemikali inamaanisha uachane na chanzo hicho. Hakuna chujio la nyumbani litakalokuokoa hapo. Harufu ya mayai viza si mwisho wa safari, kwani maji yakirushwa hewani hupungua harufu, ila tarajia utelezi mweupe ndani ya mipira. Ukiona utando wa kijani juu ya bwawa unaofanana na rangi ya kupaka iliyomwagika, usichote. Baadhi ya mwani wa aina hiyo hutoa sumu inayodhuru watu na mifugo.

Tikisa chupa. Ijaze, itikise, iweke mahali isipoguswa. Iangalie baada ya dakika tano, baada ya saa moja, kisha kesho yake. Kilichoshuka ndani ya dakika tano ni mchanga, na mchanga ndio unaokula pampu. Kilichoshuka kesho yake ni udongo laini, kazi ya tangi la kutulizia. Kama bado maji yana ukungu baada ya siku nzima, yana udongo wa mfinyanzi. Huo utapenya chujio na kujikusanya taratibu kwenye mipira, hivyo utahitaji kuisafisha mara nyingi zaidi kuliko wenzako.

Ndoo nyeupe. Hii ni kwa wenye visima hasa. Chota maji, yaache kwenye ndoo hadi jioni. Yakitoka angavu kisha yakageuka rangi ya chungwa na kuacha unga mwekundu chini, yana madini ya chuma. Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya kilimo unaweka mpaka wazi kwa dripu: chini ya miligramu 0.1 kwa lita hakuna shida, zaidi ya 1.5 hatari ya kuziba ni kubwa. Kisima chenye maji angavu ndicho kinachowadanganya watu wengi zaidi, kwa sababu macho yanayapitisha maji kabla chuma haijakutana na hewa.

Chumvi. Tumbukiza kipimo. Kwa mwongozo huo huo wa FAO, chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita, yaani 700 kwenye vipimo vinavyosoma mikrosimensi) mwagilia chochote. Kati ya 0.7 na 3 chagua mimea. Zaidi ya 3, tafuta chanzo kingine. Maharage, karoti, vitunguu na stroberi huumia mapema. Ukoka huvumilia sana, bitiruti nayo haijambo.

Jaribio la maharage. Kama mto au mfereji wako unapita kwenye mashamba, usiruke hili. Jaza udongo ule ule kwenye vikopo vinne, panda mbegu tatu kila kimoja. Viwili vipe maji ya chanzo chako, viwili maji safi. Subiri wiki mbili. Dawa ya magugu haionekani wala hainuki kwa kiwango kidogo, lakini maharage huionyesha: majani mapya yanajikunja kama kikombe, shina linajipinda, au miche inachelewa kutoka. Vikopo vyote vikilingana, endelea. Jaribio hili ni la bure, na ndilo ninaloona likipuuzwa kuliko yote.

Ukimaliza hatua hii uwe na karatasi moja yenye majibu matano: harufu, mchanga, chuma, chumvi, dawa. Vifaa vyote vinavyofuata vinachaguliwa kwa karatasi hiyo.

## Hatua ya 2: Amua maji yaende kwenye mimea ipi

Vipimo vyote hivyo havionyeshi vijidudu vya magonjwa. Hivyo hupimwa maabara. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi, na wasiozidi 200 kwa nyasi za mahali pa umma ambapo watu hukaa na kucheza. Ukipata nafasi ya kupima, tumia namba hizo kama dira. Kama huna vipimo, chukulia kwamba maji ya mto, mfereji au bwawa yana vijidudu, upange hivi:

- Miti, maua na uzio wa michongoma: maji yoyote yaliyofaulu hatua ya 1.
- Mboga za kupikwa na matunda ya juu ya mti: sawa, mradi maji yaende kwenye shina tu.
- Nyanya na pilipili zilizoegemezwa kwenye mijiti: dripu pekee, tunda lisiguse udongo.
- Saladi, giligilani, karoti za kutafunwa: hapana.

Kuhusu hiyo ya mwisho watu hubishana nami. Ni kweli jua na ukavu huua bakteria wengi, lakini mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi yakiwa hai. Tuta moja la saladi halinywi maji mengi kiasi cha kukulazimisha kubahatisha. Lipe maji safi kwa ndoo.

## Hatua ya 3: Piga hesabu

Hesabu ni moja tu: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja.

Nyasi kwenye hali ya joto huhitaji karibu milimita 25 kwa wiki. Mita 100 za mraba zinataka lita 2,500 kila wiki. Tuta la mboga la mita 10 za mraba, kwa milimita 5 kwa siku, linataka lita 50 kwa siku. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000 kwenye karatasi. Tegemea 800 baada ya upotevu.

Utaona mara moja mlaji mkubwa ni nani. Kama chanzo chako ni kidogo, punguza nyasi kabla hujapunguza mboga.

## Hatua ya 4: Tangi la kutulizia

Hapa ndipo mfumo unapopona au kufa. Chujio likipewa maji ya matope litaziba kila saa, utachoka kulisafisha, siku moja utalitoa ili kazi iende, na wiki inayofuata dripu zote zimekwisha. Tangi linafanya kazi hiyo bila umeme na bila kuchoka.

Weka matangi mawili ili moja litulie wakati lingine linatumika. Liache lililojazwa lisiguswe kwa saa 24 angalau. Kwa maji ya mto au bwawa ambako kuna kichocho, fanya saa 48. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono hufa vikikosa mtu wa kumwingia ndani ya muda huo, mradi konokono wenyewe hawakuingia tangini. Kwa hiyo funga wavu kwenye mdomo wa kuingizia maji.

Bomba la kuingiza maji likunje ndani ya tangi liangalie juu, ili maji yasichimbe mashapo yaliyokwisha tulia. Koki ya kutolea iwe sentimita 20 juu ya sakafu ya tangi. Koki ya pili iwe chini kabisa, kwa ajili ya kumwaga matope. Kama una tatizo la chuma, fanya maji yaanguke kutoka juu kupitia karai lililotobolewa matundu madogo: yakichanganyika na hewa, chuma hugeuka unga na kushuka pamoja na matope.

Tangi lisipitishe mwanga. Likiwa jeupe au angavu, mwani utaota ndani, na mwani huziba dripu vibaya kuliko mchanga. Funika kila tundu kwa wavu wa mbu, hata lile la kupumulia, kwani kwenye joto yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi.

Onyo: lita 1,000 zina uzito wa tani moja. Kichanja cha mbao za kuokoteza hakilali na mzigo huo. Jenga kwa matofali au chuma, na mfuniko uwe wa kufungwa kwa kufuli kama kuna watoto.

Kipimo cha kufaulu: kinga glasi kutoka kwenye koki ya juu, weka gazeti nyuma yake. Ukisoma herufi ndogo, tangi linafanya kazi.

## Hatua ya 5: Pampu na chujio

Pampu iliyo juu ya ardhi hufyonza maji kwa wima usiozidi mita 7 hivi kwa matumizi ya kawaida. Haijalishi ukubwa wa injini. Kinachosukuma maji kupanda kwenye mpira wa kufyonzea ni mgandamizo wa hewa ya nje, nao una kikomo. Kwa hiyo sogeza pampu karibu na maji, kisha iache isukume maji mbali utakavyo. Kisima kirefu zaidi ya hapo kinataka pampu ya kuzamisha.

Mpira wa kufyonzea uwe mgumu usiobonyea, na kila kiungo kikazwe barabara. Tundu dogo la kupitisha hewa, hata lisilovuja tone, linatosha kuifanya pampu ingurume bure. Kabla ya kuwasha jaza maji ndani ya pampu na mpira wake. Pampu inayozunguka bila maji huungua sili (kizibo kinachozuia maji kuvuja ndani yake) kwa dakika chache.

Ncha ya mpira isilale chini ya mto au bwawa. Ifunge kwenye dumu tupu lililozibwa, ining'inie karibu sentimita 30 chini ya uso wa maji. Kwa njia hiyo haivuti matope ya chini wala takataka zinazoelea, na maji yakipanda au kushuka, ncha inafuata.

Chujio linakaa baada ya pampu na kabla ya dripu, mshale uliochorwa ubavuni ukielekea maji yanakokwenda. Meshi 120 huzuia chembe kubwa kuliko mikroni 130 hivi, na hiyo inatosha dripu nyingi. Diski nazipendelea kuliko wavu kwa maji yenye mwani, kwa kuwa ute wa mwani hunasa kati ya diski badala ya kujipenyeza.

Huna pampu? Mteremko unafaa, ila ujue presha yake: mita 10 za kimo hutoa bar 1, hivyo tangi la kimo cha mita moja linatoa bar 0.1 tu. Tumia mipira mifupi na dripu zilizotengenezwa kwa presha ndogo.

## Hatua ya 6: Tenganisha na maji ya kunywa

Usiunganishe bomba la bustani na bomba la maji safi, hata kwa koki iliyofungwa, hata kwa siku moja. Presha ikishuka kwenye bomba la maji safi, maji ya bwawa hunyonywa kurudi nyuma hadi jikoni kwako na pengine kwa jirani. Valvu ya kuzuia kurudi peke yake usiiamini, kwani punje moja ya mchanga huiacha wazi.

Ukitaka kujazia tangi kwa maji safi wakati wa ukame, mdomo wa bomba uishie juu ya ukingo wa tangi bila kugusa maji, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba. Hewa hiyo ndiyo kinga yako.

Tumia bomba la rangi tofauti (zambarau hutumika katika nchi kadhaa kwa maji yasiyo ya kunywa) na uandike kila koki: MAJI YA BUSTANI, SI YA KUNYWA. Koki za nje ziwe za kufunguliwa kwa ufunguo unaotoka.

## Hatua ya 7: Mwagilia

Matuta. Kabla ya kuziba ncha za mipira, ruhusu maji yapite mpaka yatoke angavu, maana wakati wa kutoboa na kuunganisha vipande vya plastiki na udongo huingia ndani. Kisha ziba na upime: kinga dripu ya kwanza na ya mwisho kwa kikombe kwa dakika tatu. Dripu ya lita 2 kwa saa inapaswa kutoa mililita 100. Ya mwisho ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mpira ni mrefu mno au presha ni ndogo.

Kwa nyanya na kitu kingine chochote kinachoweza kuliwa kibichi, acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unakadiria kwamba vijidudu kwenye mazao hupungua kati ya mara 3 na mara 100 kila siku, kutegemea jua na ukavu. Bado osha kwa maji safi.

Nyasi. Mwagilia alfajiri. Upepo umetulia, maji hayapotei kwa joto, na nyasi zinakauka kabla watoto hawajatoka kucheza. Chagua vinyunyizio vya matone makubwa. Vile vinavyotoa ukungu hupeleka vijidudu hewani na dirishani. Mtu asikanyage peku mpaka pakauke.

Tandaza makopo machache kwenye eneo, pima inachukua muda gani kujaa milimita 12, na umwagilie muda huo mara mbili kwa wiki. Siku inayofuata chomeka bisibisi ndefu: ikizama sentimita 15 bila kulazimisha, maji yamefika mizizini. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku huleta mizizi ya juu juu, na kama maji yana chumvi, huiacha yote palepale mizizi ilipo.

Baada ya kazi vua buti nje, nawa kwa sabuni.

## Hatua ya 8: Usafi wa mfumo

Mwezi wa kwanza fungua vizibo vya mwisho kila wiki, maji yapite dakika mbili au tatu mpaka yang'ae. Baadaye kila wiki mbili huwa inatosha, isipokuwa kwa wenye maji ya udongo wa mfinyanzi. Chujio lifungue kila unapoona presha imeshuka, uoshe diski kwa brashi laini. Matope ya tangi yamwage chini ya miti kila mwezi, si kwenye mboga.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi usichote kabisa kwa siku mbili tatu. Inabeba kila kilicholala juu ya ardhi.

## Ikienda mrama

Dripu zimeziba. Ipasue moja uangalie. Mchanga: chujio limetoboka au limefungwa kinyume. Ute wa kijani: mwanga unaingia tangini. Unga mwekundu: chuma; rudisha karai la matundu na ongeza muda wa kutulia.

Tangi linanuka. Matope yamezidi. Limwage lote, lisugue, liache likauke juani siku moja.

Maji yanatuama juu ya udongo na kuacha ukoko. Mara nyingi ni sodiamu inayoharibu udongo. Peleka sampuli ya maji maabara kabla ya kumwaga chochote bustanini.

Kingo za majani zinaungua. Chumvi. Mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, mradi maji yana njia ya kutokea, na acha kurusha maji juu ya majani kukiwa na jua. Halafu pima chanzo upya, hasa mwishoni mwa kiangazi, kwa kuwa bwawa likipungua chumvi yake huongezeka. Kipimo kikipita 3 dS/m, funga pampu na utumie akiba ya mvua mpaka bwawa lijae tena.